Mathayo anaandika Misri, Luka anaandika Nazareti: nimjibu nini kijana wa kipaimara?

"Shikamoo, Mwalimu. Nafundisha vijana wa kipaimara usharikani kwetu, na kila Desemba mimi ndiye ninayeandaa igizo la Krismasi. Safari hii niliwaambia wasome wenyewe Mathayo 1–2 na Luka 1–2, kisha waandike igizo. Wamerudi na maswali yaliyonishinda. Mmoja anasema kwa Mathayo, Yusufu na Mariamu walikimbilia Misri, kwa Luka walikwenda hekaluni kisha wakarudi zao Nazareti, sasa nani mwongo? Mwingine ameona video inayosema Herode alikuwa ameshakufa miaka kumi kabla ya sensa ya Kirenio, na kwamba habari yote imenakiliwa kutoka kwa miungu ya Misri na Uajemi. Mzee mmoja wa kanisa ameniambia niachane na mambo hayo, yanaua imani. Silali vizuri. Je, historia inazikubali habari hizi au inazikataa? Na igizo nilifanyeje?"

Marahaba, mwalimu. Pole kwa usingizi, na hongera kwa vijana ulio nao. Mtoto anayesoma sura nne za Biblia mpaka akaona kwamba Misri na Nazareti hazikai sawasawa amesoma kwa makini kuliko wengi wetu tunaozisikia kila mwaka. Tena hajaona jambo geni. Mwanzoni mwa karne ya 3, Mkristo aitwaye Julius Africanus aliandika barua kueleza kwa nini baba yake Yusufu ni Yakobo kwa Mathayo na ni Eli kwa Luka. Alijibu kwa ile desturi ya kurithi mke wa ndugu aliyefariki bila mtoto, desturi ambayo wazee wetu wengi wanaifahamu. Unaweza kuukubali ufafanuzi wake au kuukataa. Ninachotaka umwambie mzee wako, kwa heshima, ni kwamba kanisa lilikuwa likiuliza maswali haya hadharani miaka 1,800 iliyopita, na imani haikufa.

Shida ya swali la "nani mwongo" ni kwamba linadhani Mathayo na Luka walikusudia kuandika kumbukumbu za familia ile siku kwa siku. Angalia vitabu vilivyowatangulia. Paulo, ambaye barua zake ni za zamani kuliko Injili zote nne, anasema tu kwamba Yesu "amezaliwa na mwanamke, amezaliwa chini ya sheria" (Wagalatia 4:4). Marko, ambaye wataalamu wengi wanamweka karibu na mwaka 70 BK, anaanza na Yohana Mbatizaji. Mathayo na Luka huwekwa na wengi kati ya miaka ya 80 na 90. Maana yake, Wakristo walianza kuhubiri msalaba na ufufuo, na baadaye wakauliza: huyu aliyefufuka alianzia wapi? Katika dunia ya Wagiriki na Warumi, habari za kuzaliwa kwa mtu mkuu ziliandikwa ili msomaji ajue tangu ukurasa wa kwanza yeye ni nani. Suetonius, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba Atia, mama yake Kaisari Augusto, alijiwa na mungu Apollo kwa umbo la nyoka akiwa amelala hekaluni, na mtoto aliyezaliwa akahesabiwa kuwa mwana wa Apollo. Ukiwa msibani ukasikia wasifu wa marehemu ukisomwa na familia, kisha salamu kutoka kazini kwake, utapata mtu yuleyule kwa habari mbili zisizofanana, na hakuna anayesimama kuuliza nani kadanganya.

Kwa hiyo anza hivi na vijana wako. Waambie wagawe karatasi katikati, Mathayo upande mmoja na Luka upande wa pili, na wasiruhusu jambo la upande huu livuke kwenda upande ule. Watashangaa. Upande wa Mathayo hakuna sensa, hakuna safari ya kutoka Nazareti, hakuna hori, hakuna wachungaji. Yusufu ndiye anayepewa habari na malaika, kwa ndoto. Mamajusi wanapofika wanaingia nyumbani, na kwa jinsi Mathayo anavyosimulia, nyumba hiyo ya Bethlehemu ndiyo makazi ya familia. Wakitoka Misri wanataka kurudi Yudea, na wanakwenda kukaa Nazareti kwa sababu tu Arkelao mwana wa Herode ndiye anayetawala Yudea. Upande wa Luka hakuna nyota, hakuna mamajusi, hakuna Misri, na Herode anatajwa mara moja tu kama alama ya wakati. Malaika anakuja kwa Mariamu, nyumbani kwao Nazareti. Bethlehemu wanapita kwa ajili ya kuandikwa katika sensa, na wakimaliza ya hekaluni "walirejea Galilaya mpaka mjini kwao, Nazareti" (2:39).

Kisha waulize yapi yako pande zote mbili. Mama ni Mariamu, ameposwa na Yusufu wa ukoo wa Daudi. Mimba ni ya Roho Mtakatifu, kabla hawajakaa pamoja. Malaika anataja jina la Yesu kabla hajazaliwa. Mahali ni Bethlehemu, zama ni za Herode, na mtoto anakulia Nazareti. Wataalamu wengi wanaona kwamba hawa wawili waliandika bila mmoja kusoma cha mwenzake. Kama ni hivyo, mambo hayo yanayofanana ni ya zamani kuliko Injili zote mbili, kwa sababu kila mmoja aliyapokea kwa njia yake. Kwa mwanahistoria hilo si dogo, nami ningelitamka mbele ya vijana kwa sauti ileile ninayotumia kutaja tofauti.

Sasa Mathayo mwenyewe. Msikilizaji wake wa kwanza, Myahudi anayeijua Torati, akisikia mfalme anaua watoto wa kiume na mmoja anaokoka, hawezi kumkosa Musa. Tena habari za Musa walizozijua watu wa karne ile zilikuwa pana kuliko tunavyozisoma katika kitabu cha Kutoka. Josephus, Myahudi aliyeandika historia ya watu wake akiwa Rumi mwishoni mwa karne ya 1, anasimulia kwamba mwandishi mmoja wa Misri alimtabiria Farao kuzaliwa kwa mtoto wa Kiebrania atakayeushusha utawala wa Misri, na ndipo Farao, kwa hofu, akaagiza watoto wauawe. Weka hilo kando ya Mathayo 2. Halafu tazama alivyoigeuza: mwuaji sasa ni mfalme aliyeketi Yerusalemu, na Misri, nchi ya utumwa, ndiyo inayomficha mtoto. Huo ni ushuhuda mkali sana dhidi ya watawala wa kwao, na huwa tunaupoteza kabisa tunapokimbilia kuweka nyota juu ya zizi.

Vijana watauliza, kwa hiyo mauaji ya Bethlehemu hayakutokea? Waambie ukweli: nje ya Mathayo hakuna mwandishi wa karne ile aliyeyaandika, hata Josephus ambaye hakuficha maovu mengi ya Herode. Lakini waambie pia Herode alikuwa mtu wa namna gani. Alimwua mke wake Mariamne. Mwaka 7 KK aliwaua wanawe Aleksanda na Aristobulo, na siku chache kabla ya kufa kwake akamwua mwanawe Antipatro. Josephus anasema aliagiza wakuu wa Wayahudi wafungiwe uwanjani Yeriko na wauawe siku atakayokufa yeye, ili nchi ipate sababu ya kulia. Agizo hilo halikutekelezwa. Bethlehemu kilikuwa kijiji kidogo, na vifo vya watoto wachache wa maskini vingeweza kupita bila kuandikwa. Ndiyo maana mwanahistoria hawezi kuyathibitisha wala kuyakanusha. Mtu anayekwambia historia imethibitisha anatia chumvi, na anayekwambia imekanusha naye anatia chumvi.

Kuhusu unabii ambao Mathayo anasema umetimia, wasomeni Hosea 11 na Isaya 7 nzima, si ule mstari mmoja anaounukuu. Hosea anapotaja mwana aliyeitwa kutoka Misri anazungumzia taifa la Israeli wakati wa Musa. Isaya anazungumza na mfalme Ahazi, katika karne ya 8 KK, aliyekuwa na hofu ya wafalme wa Shamu (Siria) na Samaria waliokuja kumpiga, na ishara ya mtoto inahusu vita hivyo kwanza. Mathayo alijua hayo. Namna yake ya kusoma ilikuwa ya waalimu wa Kiyahudi wa zama zake, kuona kwamba lililowapata baba zao linafikia ukamilifu kwa mtu mmoja. Usimfundishe kijana kwamba Isaya alikuwa akitabiri hori, kwa sababu siku atakayoisoma sura yenyewe atadhani ulimficha kitu.

Luka anataka jambo jingine, naye analiweka wazi kwa kuanza na jina la Augusto. Hapa historia inasaidia mno. Mwaka 9 KK baraza la miji ya jimbo la Asia, magharibi mwa Uturuki ya leo, lilipitisha azimio kwamba mwaka wao mpya uanze siku ya kuzaliwa ya Augusto. Maandishi yake yalichongwa kwenye mawe, na nakala maarufu ilipatikana katika magofu ya mji wa Priene. Yanamwita Augusto mwokozi aliyekomesha vita, na yanasema siku aliyozaliwa mungu huyo ilikuwa mwanzo wa habari njema kwa ulimwengu. Msomaji wa Luka aliishi chini ya maneno hayo, mjini na sokoni. Halafu anasikia malaika akiwaambia wachungaji wa usiku, watu wasio na cheo, kwamba habari njema ni hii: "leo katika mji wa Daudi amezaliwa, kwa ajili yenu, Mwokozi", na jeshi la mbinguni likitangaza amani. Mariamu ameshaimba kwamba Mungu amewaangusha wakuu katika viti vyao vya enzi, wimbo unaofuata nyayo za ule wa Hana, mama yake Samweli.

Nendeni pia Luka 2:24, mstari ambao watu huupita mbio. Sheria katika Walawi 12 inamtaka mama aliyejifungua alete mwana-kondoo na ndege mmoja zitimiapo siku zake za utakaso. Asipokuwa na uwezo wa mwana-kondoo, alete ndege wawili. Luka anasema walileta ndege wawili. Hatamki kwamba walikuwa maskini. Anakuonyesha walichoshika mkononi.

Sasa Kirenio, yule liwali wa Kirumi wa Shamu ambaye Luka 2:2 inamtaja pamoja na sensa, maana najua hapo ndipo panapokuchoma. Video ile imekosea mengine, lakini kwenye hili ina msingi. Herode alikufa mwaka 4 KK, kadiri wanahistoria wengi wanavyohesabu kutokana na Josephus na miaka ya utawala wa wanawe. Usishangae kwamba Yesu alizaliwa "kabla ya Kristo": hesabu yetu ya miaka ilipangwa na mtawa Dionysius Exiguus mwaka 525, naye alikosea kwa miaka michache. Kirenio, kwa Josephus, alifika Shamu mwaka 6 BK, Warumi walipomwondoa Arkelao na kuifanya Yudea jimbo lao. Jimbo jipya lilihitaji kujulikana lina watu gani na mali gani ili litozwe kodi, na ndipo ikafanyika sensa iliyomfanya Yuda Mgalilaya ainuke. Kati ya kifo cha Herode na sensa hiyo ni miaka kumi hivi. Zaidi ya hapo, Nazareti iko Galilaya, ambayo mwaka huo ilikuwa chini ya Herode Antipa, mwana mwingine wa Herode, na haikuhusika na sensa ya Yudea. Wala hatuna ushahidi wa amri moja ya Augusto ya kuhesabu ulimwengu wote kwa pamoja. Sensa zilifanyika jimbo kwa jimbo.

Watetezi wa Luka wametoa majibu kadhaa. Wengine wanasema Kirenio alikuwa na madaraka Shamu mara mbili. Ugumu ni kwamba tunawajua maliwali wa Shamu wa miaka ya mwisho ya Herode, Saturninus kisha Varus, na hakuna maandishi yanayomtaja Kirenio humo. Wengine wanausoma mstari wa Luka kama unasema orodha hii ilitangulia ile ya Kirenio. Sentensi inaweza kubanwa ikasema hivyo, ila si usomaji wake wa kawaida. Wengine wanaleta tangazo la Vibius Maximus, liwali wa Misri, la mwaka 104 BK, linalowaamuru watu walio mbali warudi makwao kwa ajili ya sensa. Tangazo hilo ni la kweli na karatasi yake ya mafunjo ipo, lakini linawarudisha watu kwenye nyumba zao wanakoishi, si kwenye mji wa babu kama Daudi, aliyeishi miaka elfu moja kabla.

Mimi naona Luka ameunganisha nyakati mbili za misukosuko. Herode alipokufa kulitokea uasi, Yuda mwana wa Hezekia akavamia ghala la silaha la Sepphoris, mji ulio kilomita chache tu kutoka Nazareti, na jeshi la Varus likauchoma moto. Miaka kumi baadaye ukatokea uasi wa sensa, kiongozi naye akiitwa Yuda. Kwa mtu aliyeandika zaidi ya nusu karne baadaye, matukio hayo mawili yangeweza kushikana. Lakini sidhani Kirenio yuko pale kwa bahati mbaya. Luka aliijua sensa hiyo na damu yake, kwani anaitaja tena katika Matendo 5:37. Na katika Luka 23:2 Yesu anashtakiwa mbele ya Pilato kwamba anawazuia watu wasimpe Kaisari kodi. Ndipo unaelewa kwa nini simulizi linaanza na familia inayokwenda kuandikwa kwa utii, katika sensa ileile iliyowafanya wengine washike silaha: Luka anajibu shtaka kabla halijatolewa. Unaweza kumwambia kijana, "Tarehe ya Luka ina shida ambayo hatujaweza kuitatua, na bado tunajua anachotufundisha." Atakuheshimu zaidi kuliko ukimletea jibu la kulazimisha.

Upande wa miungu, hapo video imepotosha. Mithras, mungu anayehusishwa na Uajemi, katika sanamu zake anatoka kwenye mwamba, akiwa tayari kijana. Hakuna mama wala bikira. Horus, mungu wa Misri, ni mtoto wa Isis na Osiris, na simulizi la Wamisri linaeleza wazi jinsi Isis alivyompata kwa mumewe aliyeuawa. Tarehe 25 Desemba haiwezi kuwa imenakiliwa ndani ya Injili, kwa sababu haimo ndani ya Injili. Klementi wa Aleksandria, mwalimu wa Kikristo, karibu na mwaka 200, anataja tarehe mbalimbali zilizokuwa zikisemwa, baadhi zikiwa za Aprili na Mei. Ya Desemba tunaikuta katika kumbukumbu za Rumi za mwaka 354. Kama ilichaguliwa kwa sababu ya sikukuu ya jua, au kwa kuhesabu miezi tisa tangu 25 Machi, wataalamu bado wanajadiliana.

Je, tuziunganishe habari hizi mbili au tuziache mbalimbali? Kuziunganisha ni kazi ya zamani. Mkristo aitwaye Tatian alizisuka Injili zote nne kuwa kitabu kimoja karibu na mwaka 170. Ukitaka, unaweza kusema mamajusi walikuja muda mrefu baada ya siku za hekaluni, kwa kuwa Herode aliwatafuta watoto wa miaka miwili kushuka chini. Hilo halina ubaya kama sala ya familia. Kama usomaji wa historia lina gharama: inabidi useme Luka aliacha nafasi ambayo hakuiacha, na Mathayo aliijua Nazareti kama kwao bila kusema. Mimi naziacha mbalimbali, na sijaona imani ya mwanafunzi yeyote ikipungua kwa sababu hiyo.

Basi igizo lako lifanye sehemu mbili. Katika ya kwanza weka nyumba, Yusufu anayeota, mamajusi bila kutaja idadi (Mathayo hakuitaja, ni zawadi ndizo tatu), Herode akiwa na hofu kitini. Imbeni wimbo katikati. Sehemu ya pili iwe ya Mariamu, mpiga mbiu wa Augusto akisoma tangazo lake, wachungaji, hori, na mwishoni wazee Simeoni na Ana hekaluni na wale ndege wawili. Punda na ng'ombe wakipenda wawepo, ila wajue hawamo katika Injili. Walitoka Isaya 1:3, na mapokeo ya baadaye yakawaleta horini. Na kama wana marafiki Waislamu, wasishangae wakisimuliwa habari ya Mariamu kwenye shina la mtende: hiyo ni Surat Maryam, nayo wanaweza kuisoma pamoja kwa adabu bila kuichanganya na igizo.

Kabla ya mazoezi kuanza, mwonyeshe mchungaji wako andiko la igizo, na umweleze pia alichokuambia mzee wa kanisa. Mzigo huo si wa kubeba peke yako, na ukiona usingizi unaendelea kukimbia, usisubiri Krismasi ipite ndipo useme naye. Kijana akianza kunyamaza, akaacha kuja, au akasema sasa kila kitu ni uongo, usimjibu kwa ujumbe wa simu. Kaa naye ana kwa ana, kwa sababu mara nyingi nyuma ya swali la Kirenio kuna jambo jingine la nyumbani ambalo hajalitamka. Ukitaka kusoma zaidi, uliza chuo cha theolojia kilicho karibu nawe kama kina kozi fupi ya Agano Jipya kwa walei. Na mwombe mchungaji akae nanyi kipindi kimoja mkiwa na ile karatasi iliyogawanywa, hasa kipindi cha sensa, maana hapo ndipo watakapokubana zaidi.